Papa wa watu wasio na bahari

Mwezi Juni 2005 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS ilipaa kutoka Taiwan ikiwa imebeba papa potwe wawili, kila mmoja katika tangi lake, huku wataalamu wakiwachunga njia nzima. Walikuwa wakipelekwa Atlanta, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, jiji lililo takriban kilomita 400 kutoka ufuko wa Atlantiki. Huko walisubiriwa na jumba kubwa la samaki, Georgia Aquarium, lililojengwa kwa fedha za tajiri Bernard Marcus, mmoja wa waanzilishi wa maduka ya Home Depot, aliyetoa dola milioni 250. Tangi waliloandaliwa lilikuwa na karibu lita milioni 24 za maji. Maji hayo hayakutoka baharini. Yalikuwa maji ya bomba la mjini, yakakorogwa na chumvi maalumu hadi yakafaa kwa viumbe wa bahari.

Jumba lilifunguliwa Novemba mwaka huohuo, na mamilioni ya watu wakamiminika. Pengine wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona papa wa aina yoyote. Sasa walisimama mbele ya kioo wakitazama mnyama wa jamii ya samaki wakubwa kuliko wote duniani akipita juu ya vichwa vyao, na madoa yake meupe yakionekana moja moja.

Papa hao walipewa majina ya Ralph na Norton. Ralph alikufa Januari 2007, Norton akafuata Juni mwaka huo. Kabla ya kufa wote wawili walikuwa wamepoteza hamu ya kula, na uongozi ulikuwa umeacha kutia ndani ya tangi dawa ya kuua vimelea iliyokuwa ikitumika. Majike wawili waliokuja baada yao, Trixie na Alice, waliishi muda mrefu zaidi. Trixie alikufa Novemba 2020 na Alice Novemba 2021. Ni miaka michache kwa samaki anayekadiriwa kuweza kuishi muda mrefu kuliko binadamu wengi.

Hoja za waliowapeleka Atlanta hazistahili kupuuzwa. Wakati huo Taiwan bado ilikuwa ikivua papa potwe kwa mgao maalumu wa kila mwaka, na waliosafirishwa walitoka katika mgao huo. Wasingepanda ndege, wangeishia sokoni wakiwa nyama. Watafiti nao walipata nafasi ya kupima damu na ulaji wa mnyama ambaye baharini ni vigumu hata kumkaribia. Lakini Taiwan ilipiga marufuku uvuvi huo tangu 2008, na hoja ya kuwaokoa na kisu ikaisha nguvu. Kilichobaki ni mnyama anayezama zaidi ya mita 1,800 chini ya bahari kuwekwa mahali ambapo kina hakifiki mita 10, ili watu wa bara wamtazame. Hilo halikuwa sahihi, na jiji lolote lililo mbali na pwani likitamani kufanya hivyo tena lizuiwe.

Hata hivyo, kiu ya watu wa Atlanta ilikuwa ya haki kabisa. Mtu aliyezaliwa mbali na bahari anahitaji kumwona papa, tena kwa sababu nzito. Hatima ya papa huamuliwa kwa kiasi kikubwa na watu wasioishi pwani. Sekretarieti ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, iko Geneva. Shirika la IUCN, linalotoa orodha ya viumbe wanaokaribia kutoweka, lina makao yake Gland. Miji yote miwili iko Uswisi, nchi isiyo na bahari hata kidogo. Makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira yako Nairobi. Sheria za uvuvi za Tanzania hupitishwa Dodoma. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika vikao hivyo vyote papa hayupo. Anayemsemea ni mtu wa bara, ambaye pengine picha pekee aliyonayo kichwani ni ya mdomo uliojaa meno.

Picha hiyo ina tarehe. Filamu ya Jaws, iliyoongozwa na Steven Spielberg, ilitoka mwaka 1975, na kwa mamilioni ya watu waliokuwa mbali na pwani huyo ndiye aliyekuwa papa wao wa kwanza. Alikuwa mashine. Peter Benchley, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hiyo, alitumia miaka mingi ya mwisho ya maisha yake akiwatetea papa hadi alipofariki mwaka 2006. Duniani kote papa huua watu wachache sana, kwa wastani wasiofika kumi kwa mwaka, ilhali binadamu huua papa kwa makumi ya mamilioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa wingi wa papa na taa wa bahari kuu ulipungua kwa asilimia 71 tangu 1970, hasa kwa sababu ya kuvuliwa kupita kiasi. Huo ni msiba uliotokea ndani ya umri wa mtu mmoja, na sehemu kubwa ya wanadamu hawakuuona.

Basi mtu wa bara amwone wapi?

Si kila tangi ni baya. Huko Omaha, katika jimbo la Nebraska, katikati kabisa ya Marekani, bustani ya wanyama ya Henry Doorly ilikuwa na majike watatu wa aina ndogo ya papa nyundo, waliovuliwa Florida wakiwa bado wachanga. Hawakuwahi kukaa na dume wa aina yao. Desemba 2001 mtoto akaonekana ndani ya tangi. Alikufa upesi baada ya kudungwa na taa, lakini vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2007 vilithibitisha jambo lililokuwa halijawahi kuthibitishwa kwa papa yeyote: jike alikuwa amezaa bila dume, na mtoto hakuwa na chembe ya urithi isipokuwa ya mama yake. Sayansi ya papa ilipiga hatua kubwa mahali ambapo pwani ni safari ya siku nzima au zaidi kwa gari. Papa wadogo wanaostahimili tangi, wakitunzwa na watu wenye maswali ya kweli, wana mengi ya kufundisha. Kosa la Atlanta lilikuwa kudhani kwamba ukubwa wa mnyama ndio ukubwa wa somo.

Tena kuna papa wanaokuja bara wenyewe. Yupo wa aina ambayo wanasayansi huiita Carcharhinus leucas, mnene, mwenye pua butu, ambaye kusini mwa Afrika anajulikana kama papa wa Zambezi kwa kuwa hupanda mto huo. Mwaka 1937 wavuvi wa mji wa Alton, jimbo la Illinois, walimnasa mmoja katika mto Mississippi, zaidi ya kilomita 1,800 kutoka baharini kwa kufuata mkondo wa mto. Nchini Nicaragua papa wa ziwani walidhaniwa kwa miaka mingi kuwa aina yao ya pekee, hadi mwanasayansi Thomas Thorson alipowawekea alama na kugundua kwamba hupanda na kushuka mto San Juan kati ya ziwa na bahari ya Karibi. Ni samaki wale wale wa baharini.

Wanawezaje? Papa wa kawaida huhifadhi yurea mwilini ili damu yake ilingane na ukali wa chumvi ya bahari. Akiingia maji baridi, maji huvamia mwili wake kutoka kila upande. Papa huyu hupunguza yurea iliyo katika damu, figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi, na tezi inayotoa chumvi mwilini hupunguza kazi. Hivyo huweza kukaa mtoni kwa muda mrefu. Papa kadhaa wa aina hiyo waliishi kwa miaka mingi katika ziwa la uwanja wa gofu wa Carbrook, karibu na Brisbane nchini Australia, baada ya mafuriko ya mto kuwaingiza humo. Wachezaji waliona mapezi yao yakipita karibu na nyasi.

Baadhi ya mito hiyo sasa ina kuta. Katika Zambezi kuna bwawa la Kariba na bwawa la Cahora Bassa, na samaki anayetoka Bahari ya Hindi hawezi kuyavuka. Katika ziwa Nicaragua uvuvi, uliochochewa na biashara ya mapezi, uliwapunguza papa hadi wakawa adimu. Mtu wa bara anayetaka kumwona papa aliyekuja mwenyewe anapaswa kuujali mto wake kwanza, na mjadala wa bwawa jipya lolote ungekuwa kamili zaidi kama papa angetajwa ndani yake.

Halafu kuna mawe, na hapa ndipo utajiri mkubwa ulipo. Mifupa ya papa si mifupa bali ni gegedu, nayo huoza haraka. Meno hudumu, na papa mmoja huota na kupoteza maelfu ya meno maishani mwake. Ndiyo maana nchi zilizokuwa chini ya bahari zamani zimejaa meno yake, hata zikiwa leo ni mashamba au majangwa. Kansas, katikati ya Marekani, ilifunikwa na bahari takriban miaka milioni 85 iliyopita, na katika miamba yake ya chaki hupatikana meno ya Cretoxyrhina, papa wa mita 6 au 7 aliyewakatakata mijusi wakubwa wa baharini. Wapo pia Ptychodus, waliokuwa na meno bapa ya kusagia kombe. Watoto wa wakulima huko huweza kuokota jino la papa baada ya mvua kubwa, na jumba la makumbusho la Sternberg, mjini Hays, linawaeleza walichookota.

Afrika nayo imebarikiwa. Machimbo ya fosfeti ya Khouribga nchini Morocco, yaliyo ndani ya nchi na yanayolisha viwanda vya mbolea, hutoa meno ya papa kwa wingi kiasi kwamba huuzwa barabarani kama bidhaa ya kawaida. Na Tendaguru, mkoani Lindi, ambako msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913 ulifukua mifupa ya dinosaria mkubwa anayesimama leo Berlin, haikuwa nchi ya dinosaria peke yao. Baadhi ya tabaka zake zilikuwa chini ya maji ya bahari, na ndani yake wataalamu wametambua meno ya papa na taa wa takriban miaka milioni 150 iliyopita. Kila mwanafunzi wa Tanzania amesikia habari ya mjusi wa Tendaguru. Wachache mno wamesikia habari ya papa wake, na hilo ni pengo la kuzibwa.

Njia ya mwisho ni kufuata mnyama aliye hai bila kumtoa alipo. Novemba 2003 papa mweupe jike aliyepewa jina la Nicole aliwekewa kifaa cha satelaiti Afrika Kusini. Kilionyesha kwamba alivuka Bahari ya Hindi hadi Australia, na Agosti 2004 alionekana tena Afrika Kusini, baada ya safari ya takriban kilomita 20,000. Alitambuliwa kwa makovu na mikato ya pezi lake la mgongoni. Papa potwe hutambuliwa kwa madoa. Mwaka 2005 watafiti, mmoja wao mtaalamu wa anga, walichapisha mbinu ya kulinganisha madoa ya nyuma ya matamvua kwa hesabu iliyobuniwa kulinganisha picha za nyota. Tangu hapo picha iliyopigwa na mtalii yeyote inaweza kuwekwa katika hifadhi ya intaneti, na programu ikasema kama papa huyo amewahi kuonekana na wapi.

Picha za namna hiyo hupigwa kisiwani Mafia, mbele ya Kilindoni, ambako papa potwe, wengi wao madume wachanga, hukusanyika hasa kati ya Oktoba na Machi kula viumbe wadogo wa baharini huku wavuvi wa dagaa wakitega nyavu jirani yao. Utafiti wa vifaa vya sauti umeonyesha kwamba baadhi yao hawaendi mbali hata msimu ukiisha, ila hujitenga kidogo na ufuko na kukaa chini zaidi. Ni majirani wa kudumu wa Watanzania, na mwanafunzi wa Tabora anaweza kuwajua mmoja mmoja kwa madoa yao bila kukanyaga mchanga wa pwani.

Hiyo ndiyo kazi ambayo Wizara ya Elimu na Makumbusho ya Taifa wangeweza kuifanya pamoja. Nakala za plasta za meno ya Tendaguru zitengenezwe na kugawiwa shule za Dodoma, Tabora, Kigoma na Mwanza, pamoja na picha za papa wa Mafia zenye kumbukumbu za lini na wapi kila mmoja alionekana. Darasa lipewe papa wake wa kumfuatilia mwaka mzima. Mwalimu wa baiolojia aeleze figo, wa jiografia aeleze Zambezi na mabwawa yake, wa hisabati aonyeshe jinsi madoa matatu yanavyounda pembetatu ya kumtambulisha samaki. Gharama yake ni sehemu ndogo mno ya dola milioni 250 za Atlanta, na wengi wa wabunge watakaopiga kura kuhusu uvuvi miaka 30 ijayo wako madarasani humo hivi sasa.