Jembe la Mtafiti Litangulie Greda

Hakuna mwananchi wa Rungwe anayehitaji kuhubiriwa faida ya barabara. Mkulima wa chai wa Ibighi anajua kwamba jani lililochumwa asubuhi sharti lifike kiwandani siku ileile, la sivyo huharibika na jasho lake likapotea bure. Mwenye ndizi, maziwa au maparachichi anajua ni sehemu gani ya bei yake huliwa na mwenye gari anayekubali kuingia katika tope. Na wanaume waliopata kumbeba mzazi kwenye machela usiku wa masika hawahitaji takwimu za mtu yeyote. Katika nchi ambayo mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, barabara ya udongo isiyo na mitaro wala makalavati haidumu. Kwa hiyo ieleweke tangu mwanzo kwamba safu hii haiko upande wa wanaotaka barabara za vijijini zicheleweshwe, na wala haitakuwa upande huo.

Jambo tunalotaka kulisema ni lingine. Barabara za kata kama Ibighi, jirani na mji wa Tukuyu, zilianza kama njia za miguu. Zinapofikiwa na zamu ya kutengenezwa hupanuliwa, hukatwa kingo, huchimbwa mitaro pande zote mbili, na hushindiliwa changarawe. Ardhi inayoguswa na kazi hiyo ndiyo ardhi waliyokaa watu kwa muda mrefu kuliko yote, maana njia hupita walipo watu. Kilichomo ndani yake kikishapinduliwa na greda hakiwezi kurudishwa tena mahali pake. Ndiyo maana tunasema kwamba kabla ya greda kuingia, mtaalamu wa mambo ya kale apite kwanza, atembee njia nzima, na pale panapostahili achimbe.

Si jambo geni katika sheria zetu. Sheria ya Mambo ya Kale imekuwapo tangu 1964, na ilirekebishwa 1979. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya binadamu kabla ya mwaka 1863, inamtaka mwenye kuvumbua kitu cha namna hiyo atoe taarifa, na inakataza uchimbaji usio na kibali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo imeleta utaratibu wa kupima athari za miradi kabla haijaanza, na utaratibu huo unahusu pia urithi wa utamaduni. Benki ya Dunia, ambayo hukopesha fedha za barabara katika nchi nyingi za Afrika, ina masharti yake juu ya jambo hilohilo. Basi sheria ipo. Upungufu uko katika mazoea ya kudhani kwamba wataalamu hao ni wa mabomba ya mafuta, mabwawa na barabara kuu peke yake, ilhali barabara ya kijiji ni jambo dogo lisilostahili kusumbuliwa. Tangu TARURA ianze kazi 2017, barabara hizo ndogo za nchi nzima zimekuwa chini ya wakala mmoja. Ukizijumlisha, udongo unaopinduliwa katika njia hizo ni mwingi mno, na unapinduliwa hasa katika maeneo ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuyakanyaga.

Msomaji atauliza: je, Ibighi pana nini? Hatuna magofu ya mawe kama ya Kilwa, wala michoro ya miambani kama ya Kondoa. Swali hilo ni halali, na jibu lake ndilo kiini cha hoja yetu. Mskoti Joseph Thomson alipopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 alistaajabia usafi wa vijiji alivyovikuta, nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi katikati ya migomba. Nyumba ya mianzi haiachi gofu. Huacha matundu ya nguzo, yaani mviringo wa udongo mweusi ndani ya udongo mwekundu, na jivu la meko, na vigae vichache. Jicho lililofunzwa huweza kusoma katika alama hizo ukubwa wa nyumba, mlango wake, mahali pa ng'ombe na mahali pa moto. Greda hufuta yote hayo kwa mkupuo mmoja, na mwendeshaji wake, ambaye hana kosa, hawezi hata kujua kwamba amefuta kitu. Gofu la mawe hujitetea lenyewe kwa kuonekana. Mahame ya Wanyakyusa hayana utetezi huo.

Tena mahame hayo lazima yawe mengi. Kila aliyesoma habari za Wanyakyusa, kama zilivyoandikwa na Monica Wilson katika miaka ya 1950, anafahamu desturi iliyowashangaza wageni: vijana wa rika moja waliondoka kwenye nyumba za baba zao wangali watoto, wakajenga vibanda vyao kando, na kijiji hicho cha rika kikakua pamoja nao mpaka wakaoa na kuzeeka humo. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo wazee walikabidhi uongozi kwa vijana, ardhi ikagawanywa upya, na miti ya kumbukumbu ikapandwa. Maana yake ni kwamba vijiji vilihama na kuhamishana juu ya ardhi ileile kizazi baada ya kizazi. Hayo yote tunayajua kwa masimulizi na vitabu. Mpangilio wa kijiji cha rika cha miaka 300 iliyopita tutaujua kwa kuchimba tu, na barabara inayokata kata nzima kutoka mwanzo hadi mwisho ni nafasi ambayo mtafiti mwenye fedha zake kidogo hawezi kuipata. Kadhalika ule mti mkubwa ulioko kando ya njia, ambao mpima huuwekea alama nyekundu ili ukatwe, yafaa wazee waulizwe kwanza ulipandwa na nani na kwa ajili gani.

Iko sababu nyingine inayoifanya ardhi ya Rungwe kuwa ya pekee. Sisi tunaishi chini ya volkano. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa kadiri ya miaka 4,000 iliyopita na kumwaga mawe mepesi na majivu juu ya nchi pana, na Kiejo ulitoa moto wake wa mwisho karibu na mwaka 1800. Mkulima anayechimba choo au shimo la takataka hukutana na matabaka hayo na huyapita bila kuyafikiria. Kwa mtafiti, tabaka la majivu ni kalenda: kilichoko chini ya tabaka la Rungwe ni cha kabla ya mlipuko ule, na kilichoko juu yake ni cha baadaye. Katika bonde la Mto Songwe uingiao Ziwa Rukwa, na kule Karonga ng'ambo ya mpaka wa Malawi, zimeokotwa zana za mawe za zama za kale sana. Si rahisi kuamini kwamba watu hao walizunguka pande zote mbili na kuiacha nchi hii yenye maji na udongo mzuri. Yumkini nyayo zao zimefunikwa tu. Kwa hiyo hapa petu kutembea juu ya ardhi na kutazama hakutoshi, ni sharti pachimbwe mashimo ya majaribio yafikie chini ya majivu.

Kuna na suala la chuma. Inafahamika kwamba Wanyakyusa walipata majembe yao kwa Wakinga, waliokuwa mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma, wakishuka kutoka milimani kuyabadilisha kwa chakula. Sasa tuseme katika mtaro wa barabara ya Ibighi paonekane mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki baada ya kuyeyusha. Mfanyakazi atayatupa pembeni kama mawe mengine. Lakini mabonge hayo yangeuliza swali zito: je, chuma kiliwahi kuyeyushwa hapa kabla ya biashara ile, na ni nani waliokiyeyusha? Swali la namna hiyo haliulizwi mara mbili na shimo moja.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni ndoto za wasomi. Basi tuwapeleke Laetoli, huko Ngorongoro. Nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, ambazo kikundi cha Mary Leakey kilizifukua mwaka 1978, zinajulikana dunia nzima. Katika miaka ya 2014 na 2015 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la makumbusho papo hapo, na kabla ya kujenga, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walifanya kazi hiihii tunayoizungumzia: walichimba mashimo ya majaribio 62, kila moja la mita 2 kwa 2. Katika mashimo matatu walikuta nyayo nyingine, umbali wa kiasi cha mita 150 kutoka zile za kwanza, zenye umri wa miaka milioni 3.66. Matokeo yalitangazwa Desemba 2016. Msingi wa jengo ungewekwa bila mashimo yale, nyayo hizo zingezikwa chini ya saruji na jengo lililokusudiwa kuzienzi nyayo. Hatusemi kwamba Ibighi kutaonekana nyayo za namna ile. Tunasema kwamba waliochimba Laetoli nao hawakujua watakachokikuta.

Tukirudi kwenye barabara zetu, hatari kubwa haiko hata njiani. Iko kwenye mashimo ya changarawe. Mpima huandika ramani ya barabara kwa uangalifu, lakini mahali pa kuchimba changarawe aghalabu huamuliwa baadaye, mkandarasi akiwa amekwisha kufika na mitambo yake inadaiwa kodi. Huchaguliwa kilima kilicho karibu, na kilima ndiko wazee wa zamani walikopenda kukaa au kuzika. Ukaguzi wowote unaofuata ramani ya barabara na kuyaacha mashimo ya changarawe, kambi ya wafanyakazi na njia za mchepuko ni nusu ya ukaguzi.

Halafu wako wananchi wenyewe. Mtu akionekana na chekecheke na mwiko anachunguza udongo kijijini, habari itakayoenea kabla ya jua kuzama ni kwamba anatafuta mali ya Wajerumani. Imani hiyo ina mizizi mirefu katika nchi hii, na Rungwe, ambako Wajerumani waliweka makao yao, haikusalimika. Vijana wataamka usiku na majembe, na asubuhi mtafiti atakuta shimo lake limevurugwa. Dawa yake ni mkutano wa kijiji kabla ya shimo la kwanza, pafafanuliwe kinachotafutwa na kisichotafutwa, na vijana walewale waajiriwe katika kazi ya kuchimba na kuchekecha. Tena mkutano huo una faida kwa mtafiti mwenyewe. Tumkumbuke nyani kipunji wa Mlima Rungwe, aliyetangazwa ulimwenguni mwaka 2005 kama mnyama mpya. Watafiti walimfikia kwa kufuata maneno ya wawindaji wa vijiji vya mlimani, ambao kwao hakuwa mpya hata kidogo. Wazee wa Ibighi wanajua mahame yako wapi, ila wanangoja kuulizwa.

Makaburi yana utaratibu wake, na Sheria ya Uhamishaji wa Makaburi ya 1969 inajulikana vya kutosha. Tatizo ni makaburi yasiyo na mwenyewe, yale ambayo hayana msalaba wala jiwe na ambayo hakuna aliye hai anayeyakumbuka. Yakikutwa na mtafiti, yatapewa heshima, yataandikwa na wazee wataitwa. Yakikutwa na katapila saa kumi jioni, siku ambayo mkandarasi amechelewa, kila mtu anajua yatakavyofanywa.

Tubakie na swali la vitu vyenyewe vitakwenda wapi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale huko Tendaguru, Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi wetu hadi pwani na kupakiwa melini, na mifupa hiyo iko Berlin hadi leo. Mjukuu wa mpagazi akitaka kuiona hana budi kupanda ndege. Haifai Mtanzania amfanyie Mtanzania mwenzake jambo lenye sura hiyo. Tunajua kwamba vigae na mkaa vinahitaji maabara na ghala salama, na kwamba Idara ya Mambo ya Kale ndiyo yenye dhamana. Lakini kabla havijaondoka Ibighi, vilazwe mezani katika shule ya msingi kwa siku moja watoto na wazee waje wavione, na taarifa ya uchimbaji iandikwe kwa Kiswahili, nakala zibaki katika ofisi ya kata na shuleni. Taarifa ya Kiingereza iliyofungiwa kabatini mjini haimsaidii mwalimu wa historia wa Rungwe hata chembe.

Ama gharama, mkandarasi aliyesimamisha mitambo yake kwa sababu fuvu limetokea mtaroni hudai fidia ya kila siku, na fidia hiyo hulipwa na Serikali. Hiyo ndiyo njia ya ghali. Njia nafuu ni kuiingiza kazi ya mambo ya kale katika orodha ya kazi na gharama zake tangu mradi unapoandaliwa, kama vile zinavyoingizwa gharama za kupima udongo. Mvua za Rungwe hupungua kuanzia Juni, na wakati huohuo ndipo mitambo huingia vijijini. Mtafiti anayetakiwa kumaliza kazi kabla yake hawezi kuitwa mwezi Mei. Barua ya kuomba kibali cha kuchimba iandikwe na halmashauri mwezi uleule ambao mpima anapigilia vigingi vyake vya kwanza.