Macho Pekee Hayatoshi Angani

Mchana wa tarehe 6 Februari 2010, karibu na mji wa Boulder katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ndege ndogo ilikuwa ikivuta kwa kamba ndege nyingine isiyo na injini. Ghafla ndege ya tatu, iliyokuwa ikipita njia yake, ikagongana na ile iliyovuta. Moto ukalipuka. Rubani wa ndege isiyo na injini aliifungua kamba, akapenya motoni, akatua salama pamoja na abiria wake wawili. Watu watatu waliokuwa katika ndege zilizogongana walifariki.

Je, marubani hao hawakuwa na macho? Walikuwa nayo. Kanuni ya urukaji wa namna hiyo ni kwamba kila rubani atazame na aepuke. Kanuni ni njema, ila jicho lina udhaifu wake. Ndege inayoelekea kukugonga haionekani kusogea. Hubaki pale pale kiooni kama nukta, kisha hukua ghafla wakati nafasi ya kuiepuka imekwisha. Ndege ivutayo nayo hupanda ikiwa imeinua pua, hivyo humziba rubani asione kilicho mbele chini. Tena mzigo ulio nyuma yake humzuia kupinda kwa haraka.

Ndiyo maana, kamba inapofunguliwa, desturi huko Marekani ni ndege isiyo na injini kupinda kulia na iliyoivuta kupinda kushoto. Mwaka wa 2004 kilizuka huko Uswisi kifaa kiitwacho FLARM. Hicho hupima kwa setilaiti mahali ndege ilipo, hukisia njia yake, huzitangazia nyingine kwa redio, na humwonya rubani mapema. Hata hivyo, hakiwezi kumsikia asiyesema: ndege isiyotangaza lolote hubaki imefichika.

Hapa kwetu tuna kumbukumbu chungu. Mnamo tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria na ndege ndogo ya mafunzo ziligongana jijini Nairobi, na watu wawili waliokuwa katika ile ndogo wakapoteza maisha.

Funzo ni lipi basi? Kifaa cha mmoja hakimfai mmoja. Hapana budi wenye mamlaka na wenye ndege wakubaliane kwamba kila chombo, kiwe kikubwa au kidogo, kijitangaze. Anayeruka kimya huhatarisha maisha ya mwenzake pamoja na yake mwenyewe.