Seti ya "Viktoria" na Pembe za Ujiji



Msimu wa harusi umeingia na simu yangu imejaa picha za makochi. Miguu iliyopinda, migongo iliyotobolewa vifungo, dhahabu kila kona. Mmoja wenu, bi harusi mtarajiwa wa Ujiji, ameniuliza achukue kitanda cha "Luis" au seti ya "Viktoria". Wauzaji wanayataja majina haya kwa kujiamini sana, basi na tuyajue kwanza.

Luis ni wafalme wa Ufaransa, na hawakuwa mmoja. Louis wa 14, aliyefariki 1715, alipenda samani nzito za kutisha wageni. Zama za Louis wa 15 ndizo zilizoleta miguu ya kupinda, maua na makombe ya baharini. Kwa Louis wa 16 miguu ikanyooka kama nguzo, na yeye mwenyewe akaishia kukatwa kichwa mwaka 1793. Kwa hiyo ukiuziwa miguu ya kupinda kwa jina la Luis wa 16, shoga yangu, umepigwa.

Viktoria ni malkia wa Uingereza, alitawala 1837 hadi 1901. Zama zake ni za viwanda: springi ndani ya makochi, mahameli, na mitindo ya kale ikachanganywa na kuigwa upya kwa mashine. Hiyo seti unayoililia leo ni nakala ya nakala.

Sasa njoo Ujiji. Novemba 1871, Viktoria yuko kwenye enzi, Stanley alimkuta Livingstone pale. Walikaa wapi? Barazani. Baraza ya udongo, mkeka, ngozi ya mbuzi juu yake, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili mgongo usipate ubaridi wa udongo. Stanley mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo. Na isingekuwa rahisi kuwa vingine: kutoka Bagamoyo mpaka ziwani kila kitu kilibebwa kichwani na mabegani, mzigo wa mtu mmoja ukiwa kama kilo 30. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 tu.

Lakini njia ileile ilikuwa na mizigo ya kurudi. Pembe za ndovu kutoka Manyema zilivushwa ziwa, zikapita Ujiji na Tabora mpaka pwani, nyingine mabegani mwa wapagazi wa kulipwa, nyingine za watumwa. Unguja zikapakiwa melini. Nyingi zilikwenda Marekani, jimbo la Connecticut, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vibao vyembamba vya kubonyeza kwenye piano. Na piano ndiyo ilikuwa fahari ya sebule ya Kiviktoria. Ninapoiona sebule ile kwenye picha siwezi tena kuiona kama "ustaarabu wa wenzetu" peke yake. Jasho la njia ya Ujiji limo mle ndani.

Sisemi cha kigeni ni kibaya. Samadari yetu tunayojivunia nayo ina asili ya Bara Hindi. Bibi Salme binti Said, kwenye kumbukumbu zake alizochapisha 1886, ameeleza vitanda vya nakshi vya fundi wa Kihindi, virefu hata mtu akahitaji kiti au mkono wa mjakazi ili apande, na vyumba vyenye vioo na saa za Ulaya. Bibi zetu walipenda vya nje kuliko sisi! Tofauti ni kwamba walinunua mti, na mti ule mwingine mpaka leo umesimama. Sisi tunanunua vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kupakwa dhahabu, tena kwa mkopo wa kikundi.

Hapo ndipo ninapokasirika. Mahari ni haki yako wewe, imeelezwa wazi katika Suratun Nisaa, aya ya 4. Kuichoma yote kwenye kitanda kitakachovimba masika ya kwanza, halafu kuingia ndoani na deni ili mashoga wapige picha, ni israfu. Na tazama vizuri nakshi zenyewe: mitindo hii ya Ulaya ina vitoto vyenye mbawa na nyuso za watu kwenye vioo na vichwa vya vitanda. Mafundi wa pwani walichonga maua, minyororo na majani ya mtende. Chumba chako cha kuswalia tahajudi unataka kimwangalie nani?

Kwa bi harusi wangu wa Ujiji: uko mkoa wa mninga na mkurungu, watu wa mjini wanavitafuta kwa taa. Mpelekee fundi picha ya Luis ukipenda, muombe akuchongee mguu uleule kwenye mti wa kweli. Lakini muulize mbao kazitoa wapi na kama zina kibali, maana mkurungu umekatwa ovyo huko kwenu na ukinunua wa magendo unaweza kunyang'anywa. Kitanda kiwe cha kufunguka, ulimi na tundu, kisigongewe misumari. Siku ukihama ni chako, unakifungua unaondoka nacho. Na upime mlango wa chumba kabla hujatoa malipo ya kwanza.