Kuku wa Nyama: Mnyonge Naye Apate Haki Yake



Wapo wafanyakazi wengi wa Kilwa Masoko na Lindi ambao, baada ya saa za kazi, hufuga kuku wa nyama mia moja au mia mbili nyuma ya nyumba. Ni jambo la kusifiwa, kwani huleta kitoweo mezani na fedha za sare za watoto. Lakini mara nyingi wiki ya sita ikifika, mwenye mradi hukuta bandani kuku wa kila namna: baadhi wana kilo mbili, wengine hawajafika hata kilo moja. Mnunuzi wa hoteli huchagua wakubwa akaenda zake. Wadogo hubaki wakila, na kila siku wanayoongezwa hula faida iliyoletwa na wenzao.

Hapo lawama humwangukia aliyeuza vifaranga. Pengine anastahili, lakini mara nyingi kosa limo bandani mwetu, katika chombo cha chakula. Vyombo vikiwa vichache, kuku wenye nguvu hutangulia na kudonoa chembe nono za mahindi. Mnyonge akifika hukuta vumbi. Leo amekosa, kesho amedhoofika, kesho kutwa hathubutu hata kusogea.

Siku ya kwanza

Vifaranga wanaotoka Dar es Salaam husafiri yapata kilomita 300 hadi Kilwa. Wakifika, wapewe maji safi kwanza, kisha chakula kitandazwe kwenye masinia na karatasi ili kila mmoja akione. Usiku papasa magole yao, yaani ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Gole lililojaa na kulainika ni dalili njema. Kifaranga mwenye gole tupu asogezwe penye maji, chakula na joto.

Nafasi ya kula

Kuku mkubwa anahitaji sentimita 7 au 8 za ukingo wa chombo. Hivyo chombo cha mita moja, kinacholiwa pande zote mbili, kinatosha kuku wapatao 25. Mwenye kuku 100 aweke vinne, tena avitawanye. Ukingo uwe sawa na mgongo wa kuku, na upandishwe kadiri wanavyokua.

Chakula chenyewe

Mkoa wetu una neema ya ufuta, na mashudu yake ni chakula kizuri. Lakini yana upungufu wa lisini, sehemu ya protini inayojenga nyama, ambayo dagaa wanayo kwa wingi. Basi viwili hivi viende pamoja. Dagaa wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, mara nyingine mchangani. Chagua wasio na mchanga wala chumvi nyingi, kwani chumvi huharisha kuku na kulowesha matandazo. Saga vyote viwe laini kwa kiasi kimoja na uchanganye sawasawa, ili asiwepo wa kuchagua. Mahindi yaliyoota ukungu yasiingie kabisa. Unapobadili chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku tatu au nne.

Joto la pwani

Kuku hatoki jasho. Hupoa kwa kuhema. Adhuhuri yenye joto kali hali vizuri. Mpe chakula alfajiri na jioni upepo wa bahari unapoanza kupoza banda, na maji baridi yasikosekane mchana kutwa.

Mizani

Kila wiki, siku ile ile, pima kuku 10 kati ya 100, uwakamate bila kuchagua. Wastani ukiwa gramu 1,000, angalau wanane wawe kati ya 900 na 1,100. Wakipungua hapo, ongeza vyombo, na uwatenge wadogo katika chumba chao chenye chakula na maji yao. Utashangaa jinsi wengi wao watakavyonyanyuka. Wasiopata nafuu, au wanaoharisha na kuzubaa, mwonyeshe afisa mifugo mapema.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika banda la kuku, haki hiyo ni nafasi ya kula, na anayeitoa hupata malipo yake siku ya kuuza.