Mlango wa Bweni Ndio Somo la Kwanza



Kila mwaka, unapokaribia mwezi wa saba, nyumba ya mapadri hupata wageni wengi kuliko kawaida. Wazazi huja wamevaa nguo za Jumapili katikati ya juma, mkononi wakishika bahasha yenye buletini ya mtoto. Hawaji kuandikisha ubatizo wala kuomba misa. Wanamwomba Baba Paroko awaandikie barua kwa mkuu wa koleji fulani yenye bweni, ili mtoto wao apokelewe katika mwaka wa saba, ule ambao wazee wetu bado wanauita mwaka wa kwanza wa sekondari. Asipopatikana paroko, hutafutwa sista, au mkubwa wa serikali, au yeyote aliye na ndugu ndani ya ofisi ya shule. Sisi wa chama hiki tunalijua jambo hili kwa karibu, kwa sababu wengi wetu tumezibeba barua hizo, na wengine wetu tumeziandika.

Basi hatuandiki leo kama mahakimu. Tunaandika kama watu walioshiriki kosa, nao wanatamani kizazi chenu kisilirithi.

Tuanze kwa kukiri kwamba hamu ya wazazi hao ni njema. Nani asiyetaka mtoto wake alelewe mahali ambapo walimu hufika kwa saa yake, ambapo kuna vitabu na taa ya kusomea, na ambapo Misa ya asubuhi ni sehemu ya ratiba? Nafasi za namna hiyo ni chache sana mbele ya wingi wa wanaoziomba. Tena tukumbuke historia yetu. Koleji Imara ya Lubumbashi, iliyoitwa zamani Saint-François de Sales, ilianzishwa na Wasalesiani mwaka 1912 kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Kwa miaka mingi mtoto wa Mkongomani alipita nje ya ukuta wa shule za namna hiyo bila kuwaza kuingia. Milango ilianza kumfungukia polepole tu, katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Wakati ule kilichomzuia kilikuwa rangi ya ngozi. Leo hakuna anayethubutu kutumia kipimo hicho, lakini inatupasa kujiuliza kama hatujaweka kingine mahali pake: jina la baba, au uzito wa bahasha.

Wale waliopita katika bweni wanajua uzuri wake uko wapi. Kengele hulia kabla ya jua kuchomoza, nayo humwamsha mtoto wa mfanyabiashara sawasawa na mtoto wa katekista. Wote hupiga mstari mbele ya sufuria moja ya ugali na maharagi. Siku ya salongo wote hushika ufagio, na zamu ya kuosha vyoo haimuulizi mtu alikuja kwa gari au kwa mguu. Saa ya kusoma kwa ukimya, aliyeelewa hesabu humsaidia asiyeelewa, na kesho yake husaidiwa yeye katika Kifaransa. Usawa huu ndio unaomlea kijana kuliko daftari zake. Humfundisha kwamba thamani yake haikutoka nyumbani kwao ikiwa imekwisha kufungwa kama mzigo sokoni.

Lakini usawa huo huanzia mlangoni. Mtoto aliyeingia kwa barua anajua aliingiaje, na wenzake hawachelewi kujua. Kabla hajafungua kitabu cha kwanza, wakubwa wamekwisha kumfundisha kwamba orodha ya waliofaulu ni karatasi tu, na kwamba juu ya sheria kuna mtu. Hilo ndilo somo la kwanza analolipata shuleni, nalo halifutiki kwa mahubiri ya miaka sita. Tunalalamika kwamba ofisi zetu zimejaa watu wasiofanya kazi bila kupewa kitu. Je, tumesahau nani aliyewafundisha, wakiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kwamba mkono mtupu haulambwi?

Tena kuna yule ambaye hatumwoni. Vitanda vya bweni vinahesabika. Jina moja likiingizwa baada ya orodha kukamilika, jina lingine hutoka. Wa kutoka si mtoto wa mkubwa, kwa kuwa huyo angeuliza sababu. Hutoka mtoto wa mjane wa kijijini, ambaye mama yake atasoma orodha ukutani mara tatu, atakunja kitenge chake, na kurudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe hakufaulu. Barua yetu ya upendo kwa mmoja imekuwa uongo kwa mwingine.

Injili ya Matayo inatuonyesha mama mmoja aliyefanya kama wazazi wetu. Mke wa Zebedayo alimwendea Yesu pamoja na wanawe, akapiga magoti, akaomba nafasi mbili: mmoja kuume, mmoja kushoto. Bwana hakumkemea mama huyo. Aliwageukia vijana wenyewe na kuwauliza kama wataweza kunywa kikombe atakachokunywa yeye. Kuhusu viti, alisema si juu yake kuvigawa. Kisha akawafundisha wote kumi na wawili kwamba anayetaka kuwa mkubwa sharti awe mtumishi. Tuangalie neno hili kwa makini: Mwana wa Mungu mwenyewe, alipoombwa upendeleo wa nafasi, hakuandika barua.

Mtatuuliza: je, kila barua ni dhambi? Hapana. Katika miaka hii ya vita, wako watoto waliokimbia makwao na kuacha kila kitu, hata buletini. Paroko akiandika kwamba anamfahamu mtoto fulani, kwamba alisoma mahali fulani na ni yatima, anatoa ushuhuda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliomba shule za Kanisa ziwajali hasa maskini na wale waliokosa msaada na upendo wa jamaa. Barua inayomfungulia mtoto wa namna hiyo njia ya kufanya mtihani ni tendo la haki. Tofauti si ngumu kuitambua. Ushuhuda hutolewa kabla ya mtihani, husema kweli, na unaweza kusomwa mbele ya watu wote. Shinikizo huja baada ya orodha, hunong'onezwa, na mara nyingi halitembei peke yake.

Wengine watasema kwamba hata mtihani wenyewe hauna haki kamili. Wanasema kweli. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za umma, mwezi wa tisa mwaka 2019, watoto wengi walirudi shuleni, nasi tulimshukuru Mungu. Lakini madarasa mengi yalijaa kupita kiasi, na mwalimu mmoja hawezi kusahihisha daftari za umati. Mtoto wa kijijini aliyeanza kusoma kwa Kiswahili hukutana na mtihani wa Kifaransa, akishindana na mwenzake aliyelipiwa mwalimu wa nyumbani. Hata akifaulu, minervali na gharama za bweni zinamngoja. Haya yote ni kweli. Lakini mzani uliopinda haunyoshwi kwa kuuwekea kidole. Barua ya upendeleo haimsaidii mtoto huyo, kwa sababu yeye ndiye asiyekuwa na wa kumwandikia.

Kanisa letu limetupa ndugu mmoja wa kutuongoza katika jambo hili. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma na mwanajumuiya wa Sant'Egidio, alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Alipewa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite, akakataa. Mwezi wa saba mwaka 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma. Alijua kwamba chakula kile kingeliwa na watu ambao hawamfahamu, na kwa ajili yao alikataa. Nasi tunaombwa kitu kidogo zaidi: kumfikiri mtoto tusiyemfahamu kabla ya kuomba nafasi kwa ajili ya mtoto wetu.

Kwa hiyo, ndugu vijana, sisi wanachama tumeamua kwamba hatutaandika wala kubeba tena barua yoyote baada ya orodha kutangazwa, hata kwa watoto wetu wenyewe. Tunajua baadhi yetu watalipa gharama ya uamuzi huu mwaka huu huu. Nanyi tunawaomba mambo mawili. Ninyi mliomaliza sekondari, katika Xaveri, Kiro, Skauti na makundi mengine, toeni Jumamosi zenu tangu Pasaka hadi siku ya mtihani. Wakusanyeni watoto wa jumuiya zote chini ya paa la kanisa na kuwafundisha Kifaransa na hesabu bila malipo. Anzeni na wale ambao wazazi wao hawajui kusoma. Halafu, orodha ikitoka, msiende tu kuwapongeza waliopokelewa. Nendeni nyumbani kwa wale ambao majina yao hayakuonekana, mwaambie kwamba Mungu hana bweni la wateule wachache, kisha mkae nao kutafuta shule nyingine njema iliyo karibu.

Na wewe uliye ndani ya bweni tayari, huenda unajua kwamba uliingia kwa barua. Usikate tamaa wala usijifiche. Hukuiandika wewe, na kitanda hicho hakiwezi tena kurudishwa kwa mwenyewe. Unaweza lakini kuishi kama mwenye deni. Soma kwa bidii, shika ufagio wa kwanza siku ya salongo, na utakaporudi likizo, mtafute mtoto mmoja wa mtaani kwenu asiye na wa kumsemea. Mfundishe mpaka aweze kuingia kwa jina lake mwenyewe.