Nani Anaruhusiwa Kuubadilisha Mchoro?

Katika semina za shahada yangu ya uzamili, mjadala ukifika kwenye viwanda hakosi mtu wa kusema "uhamishaji wa teknolojia", na wengine wote wakaitikia kwa vichwa. Msemo huo umenichosha. Unatufanya tuamini kwamba ujuzi ni shehena: unafungwa kwenye kasha, unapakiwa melini, unashushwa bandarini, basi umehama. Historia ya helikopta moja ya kijeshi inaukanusha.

Inaitwa Cheetah. Mwishoni mwa miaka ya 1960, India ilihitaji helikopta ya kupaa kwenye Himalaya, ambako hewa ni nyepesi na injini nyingi huishiwa nguvu. Wafaransa wakachukua bodi ya Alouette II, wakaifunga injini ya Alouette III, ikazaliwa SA 315 Lama, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969. Mwaka 1972 rubani Jean Boulet aliipandisha hadi mita 12,442, rekodi ya dunia. Mwaka huohuo kampuni ya HAL ya India ikarusha ya kwanza yake, iliyoundwa kwa leseni na kupewa jina la Cheetah.

Tazama mpangilio huo. India ndiyo iliyouliza swali. Ufaransa ikaandika jibu. Leseni ikampa muulizaji ruhusa ya kulinakili.

Simdharau aliyenakili. Tangu India ipeleke askari kwenye barafu ya Siachen mwaka 1984, Cheetah zimewapelekea mahitaji na kuwashusha majeruhi, kwenye miinuko inayopita mita 6,000. Anayesema leseni ni aibu akawaambie wao.

Lakini mikono iliyozoea kuunganisha vipuri haigeuki yenyewe kuwa akili ya kusanifu. HAL ilikuwa ikiunda Chetak, yaani Alouette III, kwa leseni tangu miaka ya 1960. Hata hivyo, ilipotaka helikopta yake yenyewe, Dhruv, katika miaka ya 1980, ililazimika kutafuta msaada wa usanifu kwa kampuni ya MBB ya Ujerumani. Dhruv iliruka mara ya kwanza mwaka 1992, ikaingia jeshini mwaka 2002. Huku Cheetah zikiendelea kuzeekea angani, wake wa maofisa wa jeshi waliiomba serikali izistaafishe. Gharama ya kuchelewa haikuwaangukia waliotia saini mikataba. Iliwaangukia marubani.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Naongeza: ukikatazwa hata kuipunguza mikono, hutajua kamwe ilivyoshonwa.

Kwa hiyo waziri yeyote akijisifu kwamba vipuri vingi vitatengenezwa nyumbani, usiharakishe kupiga makofi. Muulize: katika mkataba huu, nani anaruhusiwa kuubadilisha mchoro? Akijibu kuwa ni muuzaji peke yake, tumemjengea muuzaji karakana kwa fedha zetu.