Risasi Isiyofyatuliwa

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili ambazo mwalimu wa kemia hana budi kuzifafanua mapema. Risasi ni kile kipande kinachorushwa na bunduki. Tena risasi ni madini yenyewe, yale ambayo wanakemia huyaandika Pb, na ambayo namba yake ya atomi ni 82. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na kwao pia linabeba maana zote mbili. Nia ya makala haya ni kueleza kwamba sisi tumeiogopa ile maana ya kwanza na kuisahau ya pili, na kwamba watakaolipia usahaulifu huo ni watoto wetu.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilifahamiana na mzee mmoja aliyezipenda bunduki za kale za Kimarekani, zile ambazo hupakiwa kwa kuvuta wenzo ulio chini ya mtambo wake. Mashuhuri miongoni mwao ni Winchester ya mwaka 1873. Bunduki ya ukoo huo, ya umri mkubwa zaidi, ilikuwamo katika mizigo ya Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871. Sheria ya nchi ya mzee yule ilimruhusu kujitengenezea risasi. Aliyeyusha madini, akaongeza stani kidogo ili yawe magumu na yajaze kalibu vizuri, kisha kila risasi iliyopoa akaipima kwa mizani. Alijua kwamba risasi tupu ni laini, na kwamba ikisukumwa kwa kasi mno huacha utando ndani ya mtutu na kukosa shabaha. Kwa hiyo alibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kila tokeo akaliandika daftarini. Nilimstahi sana, kwa kuwa huo ndio mwenendo wa sayansi.

Lakini siku moja nilimwona akiengua taka zilizoelea juu ya madini yaliyoyeyuka, kisha akachukua mkate na kula pasipo kunawa, katika chumba kile kile ambamo wajukuu wake walikuwa wakicheza. Nikatambua kwamba daftari lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa kipimo cha damu yake na ya wajukuu wake.

Sasa turudi nyumbani, tuseme katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje, Mkoa wa Songwe. Sehemu hizi si ngeni kwa kazi ya madini. Wanyiha, na Wafipa walio mbele yao upande wa magharibi, walisifika tangu kale kwa kuyeyusha chuma. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na kukipata kutoka katika mawe yake kulidai tanuri la udongo, mivukuto, mkaa mwingi na mafundi wa kukesha. Haikuwa kazi ya jikoni. Risasi, kinyume chake, huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Jiko la mkaa na sufuria kuukuu vinatosha. Wepesi huo ndio uliowafaa mafundi, na wepesi huo huo ndio uliouingiza uyeyushaji uani mwa nyumba. Fundi wa magobore huyeyusha risasi, mvuvi huyeyusha risasi apate chubwi za nyavu zake, na mfumua betri huyeyusha risasi apate cha kuuza. Katika mji wa mpakani kama Tunduma, ambako malori hupita usiku na mchana, betri zilizochakaa si kitu cha kutafutwa, na betri moja ya gari huwa na kilo kadhaa za madini haya.

Wengi hudhani kwamba hatari imo katika moshi peke yake. La hasha. Katika joto la kawaida la kusubu, mvuke wa risasi ni mdogo. Hatari kubwa ni ule utando wa oksidi unaoenguliwa na kutupwa, ukakauka ukawa vumbi. Vumbi hilo hukaa mikononi, sakafuni na katika mavazi ya kazi, na baba akimpakata mtoto huwa amemletea sumu pasipo kukusudia. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za kemia, lakini hapa wamelenga barabara.

Mwili huidhania risasi kuwa ni kalisi. Huipokea na kuihifadhi katika mifupa na meno, ambamo yaweza kukaa makumi ya miaka. Mwanamke anapokuwa mjamzito, sehemu ya akiba hiyo hurudi katika damu na kumfikia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kiasi anachofyonza mtu mzima katika risasi iliyomezwa, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kinachodhurika zaidi ni ubongo unaokua. Mtoto huyo hatalia kwa maumivu. Atakuwa mzito wa kushika masomo, naye mwalimu atamwita mvivu.

Ushahidi tunao karibu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 kando ya makazi ya watu, kikafungwa mwaka 2014 baada ya wakazi, wakiongozwa na Bi Phyllis Omido, kupiga kelele kwamba watoto wanadhurika. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo hiyo Desemba 2024. Ng'ambo ya pili ya mpaka wetu, katika mji wa Kabwe nchini Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994. Hata hivyo udongo wa mitaa yake bado una sumu, na watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa wamekutwa nayo katika damu.

Yupo atakayesema kwamba sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kuunda silaha wala risasi bila kibali, nami siombi ilegezwe. Lakini sheria hiyo huangalia mtutu, haiangalii sufuria. Mvuvi anayesubu chubwi havunji sheria ya silaha, na vumbi lake halina tofauti na la fundi wa magobore. Atakayesema kwamba haiwezekani kuachana na madini haya na akumbuke petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Magari hayakusimama.

Basi kazi ianzie shuleni. Mwalimu asiyeyushe risasi darasani. Hilo si jaribio la wanafunzi. Awafanye wakokotoe kwa nini kipande cha sentimita moja ya ujazo kina uzito wa gramu 11.3 ilhali cha chuma kina 7.9, wajue sababu ya wawindaji na wavuvi kuipenda. Kisha awaulize ni wapi kijijini mwao madini haya huyeyushwa, na maji ya mvua hutoka hapo kuelekea wapi. Wanafunzi wapeleke nyumbani kanuni chache: chombo cha kuyeyushia kisirudi jikoni kamwe, kazi ifanywe mbali na makazi na watoto, mikono inawiwe kwa sabuni, nguo za kazi zifuliwe peke yake, vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe kavu. Nyama iliyozunguka jeraha la risasi ikatwe na kutupwa, kwa maana vipande visivyoonekana kwa macho hutawanyika humo. Nasi wa vyuo vikuu tufanye wajibu wetu: tuzipimie shule hizo udongo, na tuwarudishie wenyewe majibu, kwa Kiswahili.

Risasi ya bunduki ikilia, kijiji kizima huuliza nani ameumia. Hii nyingine hailii, na kwa sababu hiyo ni lazima sisi walimu tuulize.